Barafu ya Kongowea

Shindano liliitwa Safari, nami sina nauli.
Wenzangu wakaenda Lamu, wakaenda Marsabit,
mmoja akapanda mlima akarudi na mawingu.
Mimi nikatoka Kisauni, nikavuka daraja la Nyali kwa miguu,
kamera ya shemeji shingoni,
mkanda wake umeshonwa kwa uzi wa viatu.

Nikapiga mlango wa Mji wa Kale.
Nakshi zote, misumari yote, hata kufuli.
Ukatundikwa ukumbini kwa vibanio vya nguo,
na nyuma yake, kwa kalamu nyekundu, Bwana Zubeir:
*Seremala amefanya kazi nzuri.
Wewe umefanya nini?*

Nilinunua viazi karai, nikala nimesimama.
Ukwaju ukanidondokea shatini
na sikuufuta.

Mwaka wa pili sikuvuka daraja.
Sokoni Kongowea, ninapopita kila siku,
Ngowa hukata barafu kwa msumeno,
mapande marefu kama vizingiti,
wenye samaki wamepanga foleni na ndoo zao.
Saa sita, jua la utosi. Nikapiga.
Kalamu nyekundu:
*Nyeupe imeungua. Ndani yake hamna kitu.
Na mtu wako hana uso. Ulimwogopa?*

Nilimwogopa.
Nilisimama ng'ambo ya barabara
nikamvuta kwa lenzi,
kama mwizi avutavyo nguo dirishani kwa fimbo.

Basi nikaanza kujifunza weupe.
Yai juu ya sahani nyeupe. Chumvi juu ya karatasi.
Kanzu ya babu kambani, asubuhi, adhuhuri, alasiri,
mpaka nikajua kwamba weupe una kivuli chake,
chembamba, cha samawati,
na ukiupa mwanga mwingi unakukimbia.
Mama akauliza: "Hayo mayai tutakula lini?"
Nilifuta picha mia mbili na thelathini,
nikamkaangia mawili.

Jumamosi moja nikavuka barabara.
Ngowa hakuinua kichwa.
"Wewe ndiwe yule wa ng'ambo," akasema. "Shika hapa."
Nikashika pande la barafu, yeye akakata.
Vidole vikafa ganzi, sikuweza kubonyeza chochote.
Siku hiyo nilirudi nyumbani bila picha hata moja,
mikono inanuka unga wa mbao na gunia bichi.

Nikarudi. Nikarudi tena.
Nikajua lori hufika saa kumi na moja alfajiri,
na kwamba taa ya kibanda cha mama wa mahamri
huwaka nyuma ya barafu, si mbele yake.
Nikajua Ngowa hukata akihesabu kimoyomoyo,
na akikosea hesabu huuma mdomo wa chini.
Hapo ndipo nilipobonyeza.

*Sasa pana mtu,* aliandika Bwana Zubeir mwaka wa tatu.
*Na barafu ina ndani. Lakini upeo umelala kushoto.
Namba nne.*
Zawadi zilikuwa za watatu.

Nikampelekea Ngowa nakala yake.
Hakujitazama. Alitazama lile pande.
"Hili ni la ile Ijumaa," akasema.
"Uone ufa huu. Ulinitia hasara nusu."
Ufa! Nilikuwa nimeikuza picha ile, nimeisafisha,
nimelala nayo chini ya mto,
na ufa sikuuona.

Nikatoa pimamaji niliyoazima kwa fundi mwashi,
nikamweleza habari ya upeo,
kwamba safari hii nitanyoosha kila kitu.
Akainyakua, akaiweka juu ya meza yake.
Kile kiputo kikakimbilia kulia, kikakwama.

"Meza hii haijapata kuwa sawa," akasema,
"tangu siku niliyoinunua."
Akarudi kwenye msumeno.
Na maji ya barafu yakawa yanatiririka kushoto,
kushoto, kama yalivyotiririka miaka yote hii,
yakashuka mguu wa meza,
yakapita kati ya viatu vyangu.