Karanga za Kadutu

Nilikuwa nimekwisha kula nusu
nilipoliona jina lako, Nsimire,
limelowa mafuta pembeni mwa karatasi.
Mbele ya jina umri, mtaa wa Cimpunda,
namba ya simu, tarehe ya kipimo,
na neno moja kwa wino mwekundu
ambalo hapa silirudii.

Chumvi ilinikauka mdomoni.

"Karatasi ni karatasi," alisema Mama Cibalonza,
akikunja koni nyingine kwa kidole gumba.
"Nanunua kwa kilo. Za shule, za benki, za zahanati.
Mimi sisomi, naangalia kama inavuja."
Hakukosea.
Aliyekosea alifunga kitabu cha wagonjwa kwa kamba
akakiweka mizanini.

Mimi ndiye ninayelipwa kusoma.
Ofisi yetu iko Nyawera, juu ya duka la dawa:
meza mbili, muhuri mmoja, umeme wa kubahatisha,
na kibao chenye maneno marefu
hata mpita njia huishia katikati:
Mamlaka ya Kulinda Taarifa...
Watu hupanda ngazi wakiulizia dawa ya kikohozi.

Kazi yenyewe ni kubisha hodi.
Hiki mmekipata wapi?
Mwenyewe alikubali lini?
Mmemwonyesha nani, na mbona bado mnacho?
Kampuni ya simu hunipa kiti laini na soda baridi.
Mkopeshaji wa Nguba hucheka,
kisha huenda kutafuta wakili.
Zahanati ililia: tulihama, mvua hii ya Bukavu,
kijana wa usafi alidhani ni takataka.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
walisema waliokuwa na kata moja.
Siku hizi kata ni elfu,
na kila kata ina fotokopi.

Nilinunua koni zote, arobaini na moja.
Karanga nikazimwaga ndooni,
watoto wa ngazini wakazimaliza.
Zahanati nimeipa siku kumi na tano.
Ilibaki ripoti.

Fomu inataka jina la mlalamikaji.
Lakini wewe hujalalamika. Hujui.
Na nikikuandika utakuwa umeandikwa tena,
faili jingine, kabati jingine,
lenye kufuli ambayo funguo zake
hata mimi sijui ziko ngapi.
Nimeuacha mstari mtupu.
Mkubwa wangu atairudisha.

Sheria inasema mwenye jina aambiwe.
Haisemi aambiweje,
kwa sauti gani, saa ngapi,
wala nani awe ametoka kwenda kuteka maji.

Kesho nitapanda Cimpunda kwa miguu,
bila beji, bila gari lenye nembo.
Ukifungua wewe, nitaomba tukae.
Akifungua shemeji yako
nitasema nimepotea,
natafuta fundi wa cherehani.