Punje Tatu za Uwele

Haya, Yakdhani, sema aaa.
Tonge hili limepoa mara mbili.
Una miaka minne na kinywa cha kufuli,
na nguru huyu kaja alfajiri kutoka Sibu
juu ya barafu, jicho lake bado linang'aa,
bibi yako kamtoa miba kwa kucha zake mwenyewe.

Wali unatoka wapi? nikakuuliza,
ili angalau mdomo ufunguke kwa kujibu.
"Kwenye gunia."
Na gunia?
"Kwenye gari ya baba."
Na gari?
Ukafikiri, mchuzi ukikuchuruzika kidevuni.
"Dukani. Pale penye taa na baridi."
Ukanyamaza. Ndio mwisho wa dunia yako,
nyuma ya zile taa hakuna kitu.

Basi nikakuvalisha viatu.
Samaili, mwezi wa pili, jua bado lina adabu,
maji ya falaji yanakwenda kwa zamu,
kila shamba na saa yake, wala hayapigi honi.
Njiani nikakutegea: nyumba yangu haina mlango.
"Yai!"
Yai unalijua.
Kuku ulipomwona ulipanda mgongoni kwangu.

Rafikuli alikuwa juu ya mtende,
kamba kiunoni, mundu begani,
kanzu yake kuukuu imekunjwa hadi magotini.
Alipasua karara la jike taratibu,
akachomeka ndani yake vijiti vya dume
vyenye vumbi jeupe kama unga wa muhogo,
kisha akafunga kwa ukuti,
kama mtu anayemfunga mtoto bibu.
Ulitazama mpaka ukashika shingo.
"Da Sikujua, anaulisha?"
Sikupata neno lililo bora. Nikasema ndiyo.
"Mdomo wake uko wapi?"
Pale alipoufungua.
Nawe ukafungua wako.

Nilikuwa nalo kopo mkobani, bibi yako hajui.
Matonge sita, miguu yako majini,
samaki wadogo wa falaji wakikudonoa vidole,
ukawatupia punje, ukasema, "Nao wana njaa."
Tende lini? uliuliza.
Joto likija.
"Nitangoja hapa."
Chakula chote ni kungoja, mwanangu, nikasema.
Mwanangu.
Ulimi una mazoea yake.

Usiku, ulipolala, nilipiga Ilongero.
Mama akaniambia, mwalimu kauliza darasani
chakula kinatoka wapi,
wenzake wakasema shambani, sokoni, kwa ng'ombe,
Mwajabu kanyoosha mkono:
"Kwenye simu.
Simu ya bibi ikilia ti, tunakula."
Darasa zima likacheka.
Mama akacheka. Nami nikacheka,
mtandao ukakipokea kicheko changu
ukakirudisha vipande vipande.

"Subiri," Mama akasema, "hujasikia."
Ameokota vocha iliyokwanguliwa,
kaichimbia nyuma ya jiko, karibu na kinu.
Anaimwagilia kwa kopo, asubuhi na jioni.
Kuku akikatiza pale anapigwa kigongo.
Kaweka miiba kuizunguka.
Anasema ikiota mama atakuja kuvuna.

Nilikaa na simu sikioni.
Jokofu la watu linanguruma, lina maziwa, lina zabibu,
lina mchicha uliosafiri kwa ndege kama mimi.
Nilimwacha Mwajabu akiwa na miaka kama yako,
naye alikuwa mlafi, hakubembelezwa,
alilamba mpaka mwiko.

Niliwaza: nimwambie ukweli?
Mshahara, benki, wakala, duka la Mzee Mkuki,
sembe kilo mbili, mafuta ya kupima.
Nianzie wapi, kwenye gunia?

Mvua bado ipo huko? nikauliza.
"Ipo, ya manyunyu."
Basi, Mama, akishalala, toka na koroboi.
Usiifukue ile vocha.
Chomeka kando yake punje tatu za uwele,
zile za kwenye kibuyu, zisizotiwa dawa,
ufukie, urudishe miiba kama ilivyokuwa.

"Na akiniuliza?"

Mwambie hujui.