Mizani Nyuma ya Reli

Garimoshi la Kigoma likipita nyuma ya ukuta wetu
hatupimi.
Sahani ya mizani hutetemeka kama midomo ya mtoto anayetaka kulia,
namba zinakimbia, zinarudi, hazitulii
hadi behewa la mwisho liishe na kelele zake.
Basi tunangoja. Baba anamenya karanga,
maganda ya karanga kwenye ungo,
maganda ya risasi kwenye ndoo.

Mia mbili, yametoka uwanja wa shabaha Jumamosi,
yakinuka baruti na jasho la mifuko ya askari.
Nimeyaosha kwa maji moto na ndimu,
nikayaanika juu ya bati, yakang'aa hadi barabarani.
Mama Kasele akauliza kwa ukuta
kama siku hizi tunauza dhahabu.

Shaba ya manjano hukumbuka.
Ikipigwa inavimba, ikibanwa inarudi,
na ikivimba na kurudi mara nyingi inakuwa kaidi:
shingo inakakamaa kama ya mtu aliyesusa,
na aliyesusa haachii risasi sawasawa,
hii anaishika, ile anaitupa.
Ndiyo maana tunaipa moto. Shingoni tu.
Tunazima taa nipate kuiona rangi ikigeuka.
"Sasa!" anasema Baba, naye haoni,
mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili,
anahesabu kwa pumzi.
Naliangusha kwenye sufuria ya maji.
Tss.
Kitako hakiguswi. Kitako kibaki kigumu.
"Laini pa kulainika, Kalunde. Usinichanganyie."

Kisha ubao wa mninga, matundu hamsini.
Mazito kushoto, mepesi kulia,
ya katikati yanasimama kama wanafunzi mstarini.
Tofauti ni chembe ya chumvi, pengine nusu yake.
Koplo Ntabo alikuwa akicheka:
chembe ya chumvi, na dango liko mita mia tatu!
Agosti akashindwa kwa upana wa ukucha.
Alikuja hapa na maganda yake ndani ya soksi,
akayamwaga mezani,
akaomba maji ya kunywa.

Jana moja lilipita kila mlango.
Uzito sawa, urefu sawa,
tundu la fataki nimelikwangua mwenyewe likawa duara safi.
Liling'aa hata nikaiona pua yangu ndani yake.
Nikalisimamisha katikati ya ubao.
"Hebu," Baba akanyoosha mkono.

Ana spoku ya baiskeli, ya ile Foniksi aliyoendea kazini porini
miaka yote ya kulinda tembo.
Ameipinda ncha, ameinoa juu ya jiwe.
Akaiingiza mpaka chini,
akaivuta juu polepole, ikisugua ukuta kwa ndani,
nami nikaisikia kabla hajasema:
kidogo tu, kama ukucha unaonasa uzi wa kanga.
Karibu na kitako. Mfereji.
Siku moja lingekatika vipande viwili
mbele ya uso wa mtu.

"Hili linadanganya vizuri," akasema,
kwa sauti ya mtu anayemsifu adui.
Akaliponda mdomo kwa koleo lisije likarudi kundini,
akalitupa kwenye kopo la asali, likalia mara moja.
Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.
Akanipa spoku.

Tukaanza upya, kutoka la kwanza,
mimi nimefumba macho, yeye anatafuna karanga.
La arubaini na moja, reli ikaguna kwa mbali.
Kikombe kikaanza kucheza kwenye kisahani.
Mkono wangu ukasimama wenyewe, kwa mazoea.

"Unangoja nini?" akasema Baba.
"Hiyo si mizani. Endelea."