Chumba cha Tatu, Muhumba

Asubuhi ya kwanza aliingia jikoni
akasema: Kahawa ipo?
Hivyo tu. Hakuna jambo, hakuna mmelalaje.
Mama aliitua birika juu ya mbabula
akangoja, mkono kiunoni,
kama mtu anayedai chenji yake.
Mgeni akadhani hakusikika.
Akarudia, kwa sauti ya kumwita mtu
ng'ambo ya Ruzizi.

Mkalimani ni mimi.
Nikamwambia Mama: anakusalimu.
Nikamwambia yeye: inachemka.

Mchana akajifungia na kitabu.
Mtu mzima, peke yake, mlango umefungwa:
kwetu huyo anaumwa, au kafiwa.
Mama akamtuma Mugisho akae kizingitini
asije mgeni wa watu akazidiwa na upweke.
Mtoto alikaa saa mbili nzima, akitafuna muwa.
Jioni Bwana Joris akaninong'oneza, masikio mekundu:
"Mbona mnanichunga?
Na kule Nyawera, kila mdomo Muzungu, Muzungu,
kwani mimi sina jina?"
Nikamuuliza kama amemtajia yeyote.
Akatazama viatu vyake.

Siku ya tatu alipanda Kahuzi kuwaona ngagi.
Alirudi na matope hadi magotini, macho yanawaka,
akatusimulia mezani adabu walizofundishwa msituni:
usimnyooshee mwenyeji kidole,
usimkazie macho, inamisha kichwa,
sema polepole, usile mbele yake,
ngoja mpaka mwenyewe akukubali.

Tonge la Mama likasimama hewani.
"Kumbe," akasema, "ngagi anaamkiwa."

Hilo sikulitafsiri.
Lakini alishaziona nyuso zetu,
na sambaza zikapoa kwenye sahani yake.

Siku ya kuondoka aliacha noti chini ya kikombe.
Mama akazikuta, akakaza kitenge, akateremka mbio,
kandambili mkononi, hadi kwenye teksi:
Umesahau pesa yako!
Yeye akaona mwanamke anahema, anamsukumia noti,
akafikiri: ni kidogo.
Akaongeza mbili.
Mama akazirudisha zote.
Akaongeza tatu.
Dereva akazima injini ili asikie vizuri.

Nilipowafikia, mbavu zinaniuma,
pesa ilikuwa juu ya boneti, haina mwenyewe,
na mimi, kwa mara ya kwanza, sina neno
la kumdanganya nalo hata mmoja.

Ndipo akashuka. Akavua kofia,
akainamisha kichwa, macho chini,
polepole, kama walivyomfundisha kule juu,
akasema: "Mama. Umeamuka?"

Ilikuwa saa kumi jioni.

"Nimeamuka," Mama akajibu, ukope haukutikisika.
"Na wewe, baba, umeamuka?"

Alisubiri teksi ipinde kona ndipo akaketi kwenye jiwe,
akajifunika kitenge usoni, akacheka
mpaka muuza makala akasimama kuuliza kuna nini.

Zile noti zimo bado kwenye kopo la chumvi.
Mama hazigusi. Anasema
zina mtu, na anaitwa Joris.