Upindo

Misimu kumi na mmoja, Darlene,
na katika hadithi ulikuwa bado mwaka uleule,
kipupwe kilekile cha kwanza, ng'ombe yuleyule mgonjwa,
baba akirudi kila Jumapili saa moja jioni
na gunia la unga begani.
Ndani ya gunia, sifongo. Mgongo ulikuwa unamsumbua.

Mimi ndiye niliyejua umri wako.
Niliacha kitambaa cha upana wa vidole vinne
ndani ya upindo wa gauni la bluu, lile la kanisani,
na kila Mei, theluji ya Alberta ikishageuka tope,
nilikaa kwenye ngazi ya trela la mavazi
nikafumua, nikashusha, nikapiga pasi.
Mstari wa zamani ulikataa kufutika.
Nikauficha kwa utepe. Mwaka uliofuata, utepe wa pili.
Vidole vilipoisha nikaunga, nikaongeza kwapani.
Watazamaji wakaandika: Mama Haldane ni mshonaji hodari!
Mama Haldane hakujua kutunga uzi kwenye sindano.

Nyumba haikuwa na ukuta wa nyuma.
Ukivuka mlango wa jikoni unamkuta fundi wa taa na sandwichi yake.
Theluji ilikuwa viazi vilivyokaushwa na kusagwa;
siku mvua ya kweli ilipoinyeshea
bonde zima likanuka uji,
na mbwa wa mashamba jirani wakaja kuilamba dhoruba.

Bibi yangu aliihamia nchi ile kweli.
Hakulala kwenye nyumba ya mbao hadi mtoto wa nne.
Waliishi shimoni, juu nyasi na udongo,
na mvua ikikatika nje, alisema,
ndani iliendelea kunyesha siku tatu.
Nilimweleza mwongozaji. Akanisikiliza, mtu mwema,
akasema: Olga, tope halipendezi kwenye televisheni.

Bibi alitazama kila Jumapili,
kiti kimesogezwa hadi miguu ya seti,
akilia palepale mlipotaka alie.
Nikamwambia: Lakini wewe ulikuwepo, unajua haikuwa hivi.
Akasema: Nyamaza.
Sakafu yao ni kavu.

Halafu Alvin wa Siksika. Kila msimu alilipwa
apite juu ya kilima na farasi wake,
mbali, bila jina, bila neno.
Nilimpima mabega mara kumi na moja.
Mara moja tu alininyooshea kidevu
pale walipochimba misingi ya kanisa la plaiwudi:
Shangazi zangu walichuma matunda pale.
Kisha akapanda, akapita.
Hawakuhitaji kumrudia.

Msimu wa tisa wakamuua mdogo wako kwa ugonjwa wa koo,
maana mama yake alidai nyongeza.
Shati la kuzikia nililishona usiku mmoja.
Akalala jenezani, akapiga chafya, akacheka;
wakaanza upya. Mara sita.
Ulilia zote sita, na ile ya mwisho
mkono wako ulikuwa umeukamata upindo,
unausokota, unausokota,
kama anayekamua maji.
Sikukuuliza. Nilinyoosha mikunjo kesho yake.

Sasa gauni liko kwenye makumbusho madogo,
barabara ya kwenda Drumheller, ndani ya kioo.
Kibao kinasema: vazi la binti mlowezi, takriban 1880.
Nguo ya kuazima haisitiri matako, ndivyo watu wasemavyo.
Ile yetu ilisitiri nchi nzima.

Ningeweza kumwita msimamizi. Ningeweza kumwonyesha
uzi wa nailoni, zipu chini ya kwapa la kushoto.
Badala yake niliinama, miwani imegusa kioo,
nikawa nahesabu tepe: tatu, nne,
na chini ya ile ya nne, alama ya vidole
iliyokataa pasi.

Kijana wa mlangoni akasema, Bibi, usiegemee hapo.