Muhuri

Dukani petu, mkabala na mahakama, Moshi,
nachapa viapo, buku moja ukurasa.
"Mimi, Ndeshukuru Mlay, mtu mzima, Mkristo,
naapa na kueleza kama ifuatavyo…"
Koma naiweka mimi. Aya ya nne naipanga mimi.
Wakili hupita saa nne, hasomi,
anagonga muhuri,
anaondoka na elfu ishirini.

Juzijuzi nilianguka somo moja:
uandishi wa nyaraka.
Cheka tu, nami nilicheka.
Mengine manane nilifaulu.

Sasa utaratibu mpya:
aliyeanguka moja ameanguka yote,
arudi mwanzo, na ada juu.
Waraka wenyewe hauna tarehe;
mtihanini ningekatwa alama mbili.

Mama, aliyeuza ndama, anapiga simu:
"Kwani yale manane yameoza?"
Sina kifungu cha kumjibu.

Sisemi mlango uachwe wazi.
Nimemwona mjane wa Kibosho akipoteza kihamba
kwa wakili aliyesahau siku ya rufaa.
Nipimeni.
Ila msibadili pishi nafaka ikiwa inamiminwa.

Umeme umekatika, kiapo kimebaki nusu.
Mzee kwenye benchi anakohoa:
"Nisubiri, wakili?"

Sijamsahihisha.