Mabua

Juzi Skaidrite alirusha blanketi juu ya uzio.
Kulipokucha lilikuwa ubao,
limegandia mbavu za Duksis kama gome.

Kitambaa hunywa maji, bua halinywi:
mamake alikuwa akisema hivyo zizini.

Basi leo, saa nne usiku,
nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri,
anakokota mabua ya shayiri
katika beseni la kufulia lililofungwa kamba.
Ana miaka sabini na mmoja. Mgongo una maneno.

Dirishani kwa Vilnis televisheni inamwaga buluu.
"Mbwa wangu," alishamwambia, "na mnyororo wangu."
Hakubisha.
Uzio pia ni wake,
ila ule ubao mmoja uliolegea.

Duksis habweki.
Anaujua huo mguu unaochechemea.

Skaidrite anapiga magoti, anasukuma mabua ndani ya pipa,
konzi baada ya konzi, anashindilia pembeni,
anaacha kishimo katikati
cha kumtosha mbwa aliyejikunja, si zaidi:
nafasi ikizidi, baridi nayo hulala humo.
Uji wenye shahamu unafuka kwenye sufuria.

Mbwa analamba mpaka chuma kinalia.
Anaingia. Anazunguka mara tatu.
Anashusha pumzi
kama mtu aliyevua viatu.

Asubuhi, dukani, Vilnis yuko nyuma yake kwenye foleni.
Anaona bua limenasa kwenye koti lake, begani.
Ananyoosha mkono, analichomoa,
analitia mfukoni mwake mwenyewe,
kisha anauliza bei ya mishumaa.